Siku Ambazo Mado Alikuwa Mlokele

Mtu akiponda majani ya matembele karibu nami, hata kama ni jirani anayeandaa mboga yake ya jioni, naacha ninachofanya. Harufu ile mbichi, yenye utelezi ndani yake, kwangu si harufu ya chakula. Ni harufu ya ubao. Sisi tuliosoma shule za msingi za Kisangani miaka ile tunajua: ubao ukishapauka hadi chaki haionekani, mwalimu aliagiza watoto walete matembele kutoka nyumbani, na wengine walete betri za redio zilizokufa. Tulizipasua kwa mawe, tukatoa ule weusi wa ndani, tukauchanganya na majani yaliyopondwa, tukausugua ubao mpaka mikono yetu ikawa na rangi moja nao. Siku nzima darasa lilinuka mboga isiyopikwa.

Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa mama yangu mzazi. Tumemzika si zamani. Siku za matanga wanawake walikaa uani wakichambua matembele ya kulisha watu, mafungu kwa mafungu, na mimi nilikaa katikati ya harufu ile nikashindwa kula. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kunipa pole, watu wazima wenye watoto wao, na wengi walisema neno lilelile: Maîtresse alitufundisha fleuve, hatutausahau mto ule. Niliitika tu. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka haelezi mambo marefu. Nilitaka kuwaambia kwamba najua kwa nini aliufundisha mto muda mrefu vile.

Nyumbani alikuwa Mama. Akivuka lango la shule alikuwa Maîtresse, na alinionya tangu mwanzo: "Ukiniita Mama mbele ya batoto wengine, sitaitika." Nilijaribu mara moja, kweli hakuitika. Asubuhi alifundisha darasa letu, mchana darasa lingine la watoto waliokosa nafasi asubuhi. Tulikuwa wengi kuliko madawati, tumebanana hadi yule wa pembeni alikalia tako moja. Mama hakuwa akiniangalia. Macho yake yalinipita kama yanavyopita ukuta, yakaenda kwa mwingine, na mimi nikaamua moyoni kwamba ananipenda kidogo kuliko wale watoto wa watu.

Somo lake alilolipenda ni lile tulilokuwa tukiliita milieu, somo la mahali tunapoishi na watu tunaoishi nao. Kitabu kilikuwa kimoja, chake, cha Kifaransa, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa nyavu za baba. Alisoma sentensi kwa Kifaransa, akaieleza kwa Kiswahili, sisi tukaiimba mpaka watu wa barabarani wakaijua. Na katika kitabu kile kulikuwa na sura moja tuliyoingoja tangu mwaka unaanza: wakaaji wa mkoa wetu. Ndugu zetu wakubwa walikuwa wametusimulia. Siku ya sura hiyo kila mtoto husimama, anataja kabila la baba yake, Maîtresse analiandika ubaoni, darasa linapiga makofi. Kisha unanakili kwamba hawa ni wavuvi, hawa ni wakulima, hawa wa kutoka Maniema ni wafanyabiashara. Nilikuwa nimeshajizoeza jinsi nitakavyosimama. Sisi ni Walokele wa Yanonge. Baba alikuwa mtoni wakati mwingi, akinunua samaki wa kukaushwa Isangi na kuwapandisha mjini, na mimi nilitaka jina letu liandikwe juu kabisa, pale chaki inapong'aa.

Lakini mwaka huo watu walipigana ng'ambo ya mto.

Ilikuwa juu ya mashamba, upande wa Lubunga na ndani zaidi. Majina ya makabila yale mawili sitayaandika. Wa kwetu wanayajua, na asiyeyajua hakosi kitu. Ninachokumbuka ni pirogi zikivuka zimebeba magodoro, masufuria, mbuzi aliyefungwa miguu, na watu waliokaa kimya mno. Walilala makanisani na kwenye nyumba za ndugu. Na asubuhi moja Mama aliingia darasani amemshika bega msichana mrefu, mwenye sketi ya bluu iliyokuwa ya mtoto mfupi kuliko yeye, akamweka pembeni yangu. Jina lake Mado. Baba yake alikuwa amekufa ng'ambo. Alilelewa na tonton wake, mdogo wa baba, mwanamume aliyekuwa na shamba lake na sasa alibeba mizigo ya watu bandarini. Wote walikaa chumba kimoja kwenye ua wa kanisa, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Mado aliandika vizuri kuliko sisi sote. Hakucheka. Akiulizwa ametoka kijiji gani, alisema, "Ngambo," basi.

Nyuma ya darasa alikaa Dieumerci. Yeye alikuwa wa upande wetu wa mto tangu kuzaliwa, lakini kaka yake mkubwa alikuwa amekwenda kulima ng'ambo na hakurudi. Matanga yake yalikuwa kwenye mtaa wetu, hivyo kabila la Dieumerci kila mtu alilijua. La Mado hakuna aliyelijua. Wakimbizi walitoka pande zote mbili za ugomvi ule, na jina Mado halisemi kitu.

Mama aliendelea kufundisha mto. Mto unatoka wapi, unapita wapi, unapokea maji ya nani. Tuliumaliza, akaurudia. Tulipoumaliza mara nyingine alituambia tuuchore, na tulipokwisha kuuchora alituambia tuuchore pamoja na visiwa. Watoto walianza kunicheka wakati wa kupumzika: "Mama yako anajua fleuve tu! Kitabu imemuishia!" Niliona aibu. Nyumbani, akivua viatu, nikamuuliza kwa nini hatufiki kwenye sura ya wakaaji.

"Mutoto yangu," akasema, "fleuve ni murefu."

Nikaamini kwamba amesahau, au kwamba hiyo sura haijui.

Mkuu wa shule hakuamini hivyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kanzu moja ya kazi aliyoivaa juu ya shati kila siku, na alikuja mlangoni siku moja akasimama hapo akitusikiliza tukiimba visiwa. Halafu akamwita Mama nje. Nilikaa karibu na dirisha, nikasikia yote.

"Maîtresse, sura ya wakaaji iko wapi?"

"Directeur, mwaka hii turuke ile."

"Turuke namna gani? Mutihani itauliza."

"Unaona batoto niko nao mule ndani. Unajua nani amekufisha nani."

"Najua. Lakini inspecteur akikuya, akaangalia kitabu ya matayarisho, atakuta fleuve, fleuve, fleuve. Mi nitamwambia nini? Programme ni programme, Maîtresse."

Mama aliegemea ukuta kidogo, akafuta chaki kwenye viganja vyake, akasema, "Bon. Kesho."

Kesho yake alichelewesha somo hadi mwisho wa asubuhi, joto limeshuka kwenye mabati na watoto wadogo wanasinzia. Nadhani alitumaini kengele itamwokoa. Aliandika kichwa cha somo, akaanza na safu ya dirisha, kutoka nyuma. Mmoja mmoja walisimama, wakataja, akaandika. Makofi yalikuwa mengi mwanzoni. Zamu ikafika kwa Dieumerci. Alisimama wima, akataja kabila lake kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, na akabaki amesimama akituangalia. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliandika. "Asante, Dieumerci. Kaa." Akakaa.

Zamu yangu ilipofika nilisema Lokele, nikasema na Yanonge, ingawa hatukuulizwa kijiji. Mama aliandika bila kuniangalia. Kisha Mado.

Mado alisimama polepole. Hakutazama nyuma, lakini shingo yake ilikuwa ngumu kama mtu anayehisi kitu mgongoni. Alisoma ubao kutoka juu hadi chini, jina kwa jina, kama mtu anayechagua. Akasema, "Lokele."

Chaki ilikuwa tayari ubaoni. Nilimwona Mama amesimama na mkono wake umeinuliwa. Alikuwa amewapokea wakimbizi wale; alijua kila mtu ametoka wapi. Kengele haikulia. Kisha akaweka alama ndogo pembeni ya neno letu, kuonyesha kwamba yuko mwingine, akasema, "Asante, Mado. Kaa."

Mnaosoma haya mtanicheka, lakini mimi niliamini. Nilijua dakika moja kabla kwamba Mado si Mlokele, kwa kuwa tulipokuwa tukiongea na mwenzangu Kilokele yeye aliangalia pembeni. Lakini Maîtresse ameandika. Kilichoandikwa ubaoni na Mama kilikuwa kweli: mto unakopita, tarakimu, majina ya miji ambayo sikuwahi kuiona. Nikafikiri kabila ni kama darasa, mtu anaweza kuhamishwa. Nilikimbia hadi nyumbani kumwambia Koko, mama wa baba yangu, aliyekuwa akiponda ndizi za lituma uani.

"Koko, tuko na dada mupya! Mado amekuwa Lokele. Maîtresse amemuandika."

Koko aliacha mchi. "Eh! Ubao ya mama yako inazaa batoto sasa?"

Alicheka hadi akafuta machozi. Mama, aliyekuja kula kabla ya darasa la mchana, aliingia akamkuta anacheka. Akaweka mkoba wake chini, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, muache. Mutoto aliogopa." Na akataja jina la Dieumerci. Kicheko cha Koko kilikwisha hapo hapo. Aliushika mchi tena, akaponda kidogo, akasema, "Alors, akuye akule."

Basi Mado alianza kuja kwetu kula baada ya shule. Siku ya kwanza Koko alimsalimu kwa Kilokele, kwa mazoea tu, na Mado akanitazama mimi. Koko aliligundua kosa lake, akarudia kwa Kiswahili, akamwekea kichwa cha samaki, ile sehemu ambayo mimi nilikuwa naitegemea. Tulipotoka Mado alinishika mkono. "Nifundishe."

"Nini?"

"Kisemi yenu. Wakinisalimia tena, nijibu nini?"

Nikamfundisha. Salamu, maji, samaki, mama, kasia, njoo hapa. Aliyashika kama tulivyokuwa tunaishika milieu, kwa kuimba, midomo ikitembea peke yake. Akikosea alijipiga goti kwa ngumi. Alitaka kujua vijiji vyetu vimepangana vipi kwenye mto, nani anaanza kutoka Isangi kupanda, bibi yangu anaitwaje na mama yake aliitwaje. Mimi nilifurahi sana. Sikuwahi kuwa na dada. Sikufikiri hata siku moja kwamba kila neno nililompa lilikuwa linasukuma lingine litoke.

Tonton wake alisikia. Chumba kimoja hakifichi kitu. Mtoto alikuwa anarudia maneno yale akiosha vyombo, akiyasema akifunga nywele, na mtu yule alirudi kutoka bandarini na mabega yake yamechubuka akakuta binti wa kaka yake anazungumza kama mtu wa mtoni. Alimuuliza. Mado hakuwa mtoto wa kusema uongo mara mbili.

Alikuja shuleni jioni, darasa la mchana limeshatoka. Mtu mwembamba, kitambaa cha kubebea mizigo bado kiko begani. Mama alikuwa anafuta ubao, sisi wawili tunamngoja kwenye ukumbi wa nje. Alitupita bila kutusalimu.

"Maîtresse, ni wewe uliandika?"

Mama alijua anauliza nini. "Ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Alisema. Niliandika vile alisema."

"Ulijua ni uongo."

"Nilijua."

"Na ukaandika." Alitikisa kichwa. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi na mizigo mchana kutwa. "Papa yake alikuwa na shamba. Imeungua. Alikuwa na nyumba. Imeungua. Alikufa juu hakutaka kukana ni nani. Ile jina ndiyo aliacha. Na wewe unamunyang'anya na chaki."

"Sikumunyang'anya, Papa," Mama akasema. "Alinipatia nimufichie. Kuko mutoto nyuma yake, kaka yake amekufa kule. Nilikuwa na dakika moja ya kufikiri."

"Najua ile mutoto. Namuona mu barabara. Ye pia iko na jina yake, ulimuandika." Akageuka, akamwona Mado mlangoni. "Futa ile. Andika yetu."

"Na nikiandika, na mambo ikitokea, utakuwa hapa?"

Mtu yule alikishusha kile kitambaa begani, akakikunja, akakikunjua. "Sitakuwa hapa. Nitakuwa ku bandari," akasema. "Lakini andika."

Akamchukua Mado akaenda naye. Mama alibaki na kifutio mkononi mbele ya ubao ambao tayari ulikuwa mweusi mtupu. Tukatembea kwenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Nilifikiri ananikasirikia mimi, kwa sababu ya yale maneno niliyofundisha, nikamwomba radhi. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Radhi ya nini?" akauliza, na akaendelea kutembea.

Siku iliyofuata alianza asubuhi mapema, kabla ya hesabu. Aliandika upya kichwa kile cha somo la wakaaji, akaandika majina yote kama yalivyokuwa. Alipofika kwenye Lokele aliweka ile alama pembeni, kisha akaifuta kwa kidole.

"Siku ile niliandika vibaya," akatuambia. "Ni mi nilikosea. Sikusikia muzuri."

Nilitaka kusimama niseme hapana, hukukosea, nilikuwa hapa, nilisikia. Kwa miaka mingi baadaye niliamini kwamba siku hiyo mama yangu alijidhalilisha mbele ya watoto kwa sababu ya uchovu, kwamba alianza kusahau mambo. Hata nilimtetea uwanjani kwa ngumi.

"Mado," akasema. "Simama, uniambie tena. Polepole, nisikie."

Mado alisimama. Alilitaja kabila lake. Mama aliliandika, herufi zilezile, ukubwa uleule, mstari mmoja chini ya kabila la Dieumerci kwa kuwa nafasi ilikuwa hapo tu.

Kisha tukasikia dawati la nyuma likisogea. Dieumerci alikusanya vitu vyake, kalamu, daftari, kipande cha rula, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akapita katikati ya madawati. Alipofika usawa wa Mado hakusimama wala hakumtazama. Alitoka. Tulimwona dirishani akikaa chini kwenye ukumbi wa nje, mgongo ukutani, mfuko mapajani.

Mama hakumwita. Alimaliza somo. Wakati wa kupumzika alikwenda kukaa naye, wakakaa pale wote wawili wakitazama uwanja.

Dieumerci hakuacha shule, na hakuingia darasani. Kila asubuhi alikuja kwa wakati, safi, akakaa pale nje chini ya dirisha. Mkuu wa shule alitaka arudishwe ndani kwa fimbo. Mama akamwambia, "Directeur, mutoto iko ku masomo. Umuhesabu kama yuko." Mkuu akapandisha mabega akaenda. Naye pia, nafikiri sasa, alikuwa amechoka.

Tangu siku hiyo Mama alibadilisha jinsi ya kufundisha. Hakusimama tena mbele ya ubao. Alisimama mlangoni, bega moja ndani, bega moja nje, kitabu kimefunguliwa kifuani, akisoma kwa sauti kubwa kuliko zamani. Alichokiandika ubaoni alikisoma herufi kwa herufi. Akiuliza swali aliliuliza ndani, akageuza kichwa akaliuliza na nje, na mara nyingine jibu lilitoka chini ya dirisha. Mkoa wetu unapakana na mikoa gani. Kazi ya bourgmestre, mkuu wa wilaya ya mji, ni nini. Nani anatunza maji ya bomba. Mimi nilidhani anatafuta upepo, kwa kuwa msimu ule joto lilikuwa kali. Niliwaambia wenzangu hivyo, tena kwa kujiamini: Maîtresse anasikia joto.

Jioni miguu yake ilikuwa imevimba. Koko alimwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akamkanda, akilalamika. "Shule yote haiko na kiti?" Kiti kilikuwapo, mbele, pembeni ya ubao. Lakini aliyekikalia hasikiki nje.

Mado hakuja kwetu tena kula. Nilifikiri ni kwa sababu hana tena haki, kwa vile amefutwa kwetu, nikalia kidogo. Koko aliuliza yuko wapi, nikamweleza. Akasema, "Enda umwambie lituma inapoa."

Nikaenda hadi ua wa kanisa. Tonton wake alikuwa amelala kwenye mkeka na kitambaa usoni. Nikamwambia Mado lituma inapoa. Akamtazama tonton. Kutoka chini ya kitambaa ile sauti ikasema, "Enda. Lakini usichelewe." Tukaenda. Salamu alimsalimu Koko kwa Kiswahili, na hatukusoma tena maneno. Kichwa cha samaki Koko aliendelea kumpa yeye.

Labda mtataka kujua walikuja kuwa nani. Mado alikaa nasi hadi mwisho wa mwaka, akafaulu, na ng'ambo kulipotulia kidogo tonton wake alimrudisha kijijini. Wakati wa kuaga tonton alimletea Mama ndizi mbichi, mkungu mzima alioubeba mwenyewe begani kutoka bandarini, akauweka mlangoni kwetu akasema ni za shamba la mtu mwingine, zake bado hazijazaa. Nilisikia baadaye Mado ameolewa huko na ana watoto. Dieumerci ni fundi wa pikipiki hapa hapa mjini. Alikuja kwenye matanga ya Mama, akakaa mwisho kabisa karibu na lango, akaondoka kabla sijamfikia. Hao wawili hawakuwahi kusemezana mbele yangu hata neno moja, na sitadanganya kwamba walipatana. Sura ile Mama aliendelea kuifundisha kila mwaka hadi alipostaafu, kwa kuwa programme ni programme. Aliyaandika yeye mwenyewe majina yote ya makabila ya mkoa, kutoka kitabuni, kwa mwandiko mmoja. Hakumuuliza tena mtoto yeyote.

Lakini siku ninayoibeba ni ya mvua.

Ilikuwa wiki nyingi baada ya Dieumerci kutoka nje. Mawingu yalikusanyika upande wa maporomoko tangu asubuhi, na Mama, mlangoni, alikuwa akisoma habari za uchaguzi, jinsi raia anavyochagua. Mvua ya kwetu haianzi kwa matone. Ilianguka yote kwa pamoja. Mabati yakaanza kupiga kelele hadi tuliona mdomo wa Mama ukitembea bila sauti. Upepo ukageuka, maji yakaingia ukumbini ubavuni, na tukamwona Dieumerci amesimama dirishani, mfuko wa daftari ameuficha ndani ya shati.

Mama alitoka mlangoni. Alisogea tu pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

Dieumerci alikaa pale nje kidogo zaidi, maji yakimtiririka. Kisha akaingia. Hakwenda kwenye dawati lake la zamani nyuma. Njia ya kwenda huko ilipita kwa Mado. Alikaa chini sakafuni, mbele, ubavuni mwa ubao, akakunja magoti, akatoa daftari akaliangalia kama limelowa. Pembeni yangu Mado alikuwa ameinamisha kichwa, anachora mstari juu ya mstari kwenye ukurasa uleule. Hakuna aliyepigana na hakuna aliyetoka. Ni hivyo tu, na ndivyo walivyokaa hadi mwaka ukaisha.

Mama alitazama ndani ya darasa, polepole, safu kwa safu, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Alifika kwangu, na macho yake yakasimama kwangu. Kisha akakivuta kile kiti, akakaa. Akanyoosha miguu mbele yake, ile miguu iliyovimba, akavua viatu kwa kidole cha mguu, kimoja, halafu kingine. Akaweka kitabu mapajani. Akafumba macho.

Niliogopa. Nilidhani anaumwa, nikainuka niende kwake, na nadhani nilikuwa tayari kumwita Mama mbele ya wote. Mado alinishika sketi akanivuta chini. Ilibidi aweke mdomo sikioni mwangu ili nimsikie.

"Muache alale."

Nikatazama tena. Kweli, kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani na mkono umefunguka. Darasa zima liliona. Watoto wale wote, ambao fimbo ya mkuu wa shule ilishindwa kuwanyamazisha, walikaa wamekunja mikono juu ya madawati, kelele ya mvua juu yetu, na Dieumerci sakafuni akamwondolea kitabu mapajani kisije kikaanguka kwenye maji.

Mvua iliponyamaza, kengele ililia. Hatukutoka.